Kiti cha Mgeni Mutsamudu

Mama alipofunga mzigo wa safari ya Mutsamudu, nguo za jikoni zilikuwa nyingi kuliko nguo za sherehe. Nilimsaidia kuzikunja. Kulikuwa na kanga zilizopauka kwa kufuliwa, gauni lenye tundu la cheche ubavuni, na kitambaa cha kichwa ambacho hata pale Magoudjou, mtaa wetu wa Moroni, hakutoka nacho nje ya ua. Nilimuuliza kama tunakwenda harusini au tunakwenda kuajiriwa hotelini. Akasema tunakwenda harusini, na ndiyo maana amezichukua.

Jibu hilo nimekuwa nikilieleza kwa miaka mingi hapa Zanzibar ninapoishi, kwa hiyo sioni taabu kulieleza tena. Kwetu Komoro, ukiingia kwenye nyumba yenye harusi, hupati nafasi ya kusimama na kutazama tu. Ukiletewa kiti, soda na sahani ya vitumbua, wewe ni mgeni, na utatunzwa kama yai. Lakini ukitupiwa kisu na beseni la vitunguu kabla hata hujamaliza kusalimia, basi wewe ni mtu wa nyumba hiyo. Hakuna anayekutangazia jambo hilo, wala hakuna anayekuuliza unapenda lipi. Na nyumba kwetu ni za wanawake. Baba na kaka hujenga, binti hupewa, mume huja na begi lake akaishi kwa mkewe. Kwa hiyo wanawake wa nyumba ndio wanaojua nani ni wa humo na nani si wa humo, na hulisema kwa kugawa kazi.

Mama alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Anzuani, ndani ya mji wa mawe, lakini aliondoka akiwa mtoto wa meno ya maziwa. Mjomba wake alikuwa na duka Majunga, Madagaska, na mke wa mjomba hakuwa na mtoto, basi mama akapelekwa kulelewa huko. Alikulia Majunga, akaolewa na mtu wa Moroni, akatuzaa. Kisha yakaja machafuko ambayo sitayasimulia hapa, na mwaka 1977 tukarudishwa visiwani pamoja na Wakomoro wengine wengi. Mwaka uliofuata wakaingia askari wa kukodiwa, Wazungu, na serikali nyingine. Kwa miaka kadhaa mtu hakupanda meli bila sababu nzuri.

Sababu ilipopatikana ilikuwa harusi. Dada yake mama, ambaye ni mama mkubwa wangu, alikuwa amebaki Mutsamudu siku zote katika nyumba ya bibi yao. Sasa alikuwa anaoza binti. Dada hao wawili hawakuwa wameonana tangu utoto. Walikuwa wametumiana salamu tu, midomoni mwa wasafiri, na salamu za wasafiri hufika zikiwa fupi. Baba alibaki na kibanda chetu cha vitambaa katika soko la Volo Volo, sisi wawili tukashuka bandarini alfajiri.

Bandari ya Moroni wakati ule ilikuwa ndogo, na meli ya abiria ilisimama mbali kidogo na ukuta, ikingoja tupelekwe kwa mashua. Kabla ya kushuka kwenye ngazi kulikuwa na ukaguzi. Askari wetu waliovaa sare nyeusi walifungua mizigo, na nyuma yao alisimama Mzungu mmoja mwenye miwani ya jua, mmoja wa wale wa kukodiwa. Askari alipofungua mzigo wa mama akainua lile gauni lenye tundu, akalitazama kwenye mwanga, kisha akamtazama mama. Mama akamwambia kwa upole kwamba lina mwenzake, kama analihitaji. Askari akacheka kwa kujisahau, akageuka haraka kumtazama yule Mzungu, akaturuhusu tupite.

Kwa anayefikiria kupanda meli za kwetu, nitampa shauri lile lile nililopewa na mwanamke mmoja siku ile: kaa katikati ya meli, chini, tazama mstari wa mbali, na uweke kipande cha limau shavuni. Usione haya kulala sakafuni. Baada ya saa ya kwanza kila mtu yuko sakafuni, hata wenye suti. Meli ilibeba watu, magunia ya unga, mbuzi, na makabati mawili ya harusi yaliyofungwa kwa magodoro. Mlima wa Ngazija, kisiwa chetu cha Moroni, ulibaki nyuma yetu kwa muda mrefu sana, mpaka mtu angedhani meli haiendi.

Karibu nusu ya abiria walikuwa wanakwenda harusini, kwa sababu ilikuwa majira ya likizo, na majira hayo ndiyo ya ngoma na ndoa. Mwanamke yule wa limau alikuwa wa Anzuani, na jirani yake alikuwa Mngazija mnene mwenye bangili. Walitaniana tangu Moroni mpaka tulipopita kisiwa cha Mwali. Wa Anzuani alisema Wangazija wanaoza mabinti kwa fahari hadi nyumba inabaki bila mlango. Mngazija akamjibu kwamba huko Anzuani mlango upo, ila umefungwa kila chakula kinapoiva. Watu wakawa wanaongeza kuni kutoka pande zote. Mama alicheka sana, lakini niliona hachangii. Nikamuuliza yeye yuko upande gani.

Hakujibu utani huo. Alisogea karibu yangu, kwa sababu injini ilikuwa na kelele, akasema, "Mwanangu, nikifika pale nataka wanipe kazi. Kazi yoyote. Wakinipa kiti, nitajua."

Nilimwambia hawezi kupewa kiti na dada yake wa tumbo moja. Akasema dada wa tumbo moja ndiye mwenye adabu ya kumpa.

Tulifika kabla jua halijazama. Mutsamudu unaonekana vizuri zaidi ukitoka baharini: mji mweupe umebanwa kati ya maji na mlima, na juu yake ngome ya zamani. Harufu ilitufikia kabla ya watu, karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka kandokando ya gati na langilangi kutoka mahali palipochemshwa mafuta yake. Kijana wa mama mkubwa, karani wa bandari, alikuja kutupokea akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Aliubusu mkono wa mama, akachukua mizigo yote, hata mkoba wangu mdogo, akatutangulia mjini. Humo ndani hakuna gari linalopita. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hujibana kwenye kizingiti, na kwa sababu ya harusi kila kizingiti kilikuwa na mtu aliyetaka kujua sisi ni nani. "Mama mdogo kutoka Majunga," alijibu kijana kila mara. Hakusema kutoka Moroni. Mama akaniminya mkono.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni. Alikuwa mrefu kuliko mama, mkavu, na shiromani yake, nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Anzuani, ilikuwa imemkaa bila mkunjo. Walikumbatiana kwa muda mrefu, wakalia kidogo, wote wawili kwa namna moja, pua juu. Kisha mama mkubwa akafuta macho, akamshika mama mkono kwa heshima kubwa, akampeleka sebuleni. Huko kulikuwa na kiti kimoja cha mito, kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, na feni pembeni. Akamkalisha hapo. Soda zikaja, na vitumbua, na maji ya waridi ya kunawa.

Mama alikaa. Kutoka uani tulisikia visu vikigonga mbao, wanawake wakicheka, mtu akilalamika kwamba nazi hazijakunwa. Mama akageuza uso kuelekea kule kama mtu anayesikia jina lake. Mama mkubwa akamsogezea feni.

Siku zilizofuata tulitunzwa vizuri kuliko tulivyowahi kutunzwa popote. Nasema hivi bila kejeli. Maji ya kuoga yalikuwa ya vuguvugu, na samaki aliyekuwa na mwiba mdogo tu hakuletwa mbele ya mama. Mama mkubwa alimwita "bweni", neno letu la heshima kwa mwanamke mtu mzima, kama unavyomwita mke wa jaji. Mama alijaribu. Asubuhi moja alishika ufagio. Binti mmoja akauchukua mkononi mwake kwa tabasamu na kumwomba akapumzike. Alikaa karibu na rundo la ndizi akaanza kumenya. Kisu kikaondoka, kikaja kikombe cha chai. Alivaa lile gauni lenye tundu akatokea uani, ili watu waelewe. Mama mkubwa aliliona, akaenda chumbani kwake, akarudi na gauni jipya lililokunjwa, akamwekea magotini.

Na kwa kuwa mgeni asipotembezwa huchoka, kijana wa bandari akapewa kazi ya kututembeza. Alikuwa mtembezaji mzuri, mwenye subira, na alikuwa anaupenda mji wake. Tulipanda ngazi za ngome, tukaona mizinga ya zamani imeelekezwa baharini, na juu yake watoto wameanika nguo za mpira. Alituonyesha paa za mji kutoka juu na kututajia mitaa. Alitupeleka kwenye msikiti wa Ijumaa, kwenye milango ya zamani ya nakshi ambayo mti wake umekuwa mweusi kama chuma, kwenye maporomoko ya maji nyuma ya mji ambako wanawake hufua, na bandarini kutazama mawe yanayomwagwa baharini kwa ajili ya gati kubwa. Jioni tuliona shigoma, ngoma ya wanaume: mstari mrefu wa watu wenye mitandio shingoni, wanakwenda taratibu sana, hatua mbele, hatua nyuma, kana kwamba hawana haja ya kufika popote. Mimi nilifurahi sana. Nilikuwa kijana, nilikuwa sijawahi kuona mji wa namna ile, na kama msomaji atapata nafasi, aende akauone.

Mama alitazama kila alichoonyeshwa na kushukuru. Mle msikitini tu alisema kwamba anakumbuka baridi ya sakafu. Tulipokuwa kwenye maporomoko, kijana alimweleza kwamba maji haya hayakauki hata kiangazi, na kwamba watu wa mji wamefua hapa tangu zamani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante, mwanangu. Tulipokuwa tunarudi akaninong'oneza kwamba bibi yake alimfulia nepi hapo.

Nilimvuta yule kijana pembeni nikamwomba amwambie mama yake ampe mama kazi, hata ya kuchambua mchele. Alishangaa. Alisema mama mdogo ametoka mbali, amepata taabu Majunga, amepata taabu Moroni, sasa aje kumenya vitunguu? Watu watasemaje? Mama yake alikuwa ameapa kwamba mdogo wake hatagusa hata kijiko. Nikaelewa kwamba lilikuwa jambo la mapenzi, na kwamba kwa sababu hiyo lilikuwa gumu zaidi. Sikumwambia mama.

Siku ya chakula kikubwa ilifika. Hiyo ndiyo siku ambayo upande wa bwana harusi huja kula kwa bibi harusi, na chakula chake huzungumzwa mjini kwa miaka. Uani, juu ya mawe, kulikuwa na masufuria makubwa ya wali ambayo mtu mmoja hawezi kuinua. Wali ulikuwa umeshaiva, umefunikwa, na makaa machache yamewekwa juu ya kila kifuniko na machache chini, ili ukauke polepole. Kuanzia hapo hauguswi. Adhana ya adhuhuri ilipolia, wanawake walinawa mikono na kuingia ndani kusali. Mama hakuwa anasali siku zile. Alikuwa sebuleni kwenye kiti chake.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la Majunga. Kule wali hupikwa kwa maji matupu. Ukishaiva, wapishi huongeza kuni makusudi, ili ukoko wa chini uwe wa rangi ya kahawa iliyokaangwa. Kisha wali hupakuliwa, ukoko unabaki, unamwagiwa maji na kuchemshwa, na maji hayo yenye harufu ya moshi ndiyo kinywaji cha baada ya chakula. Mtu wa Majunga asipoyanywa anaona kama hajala. Harusini ndiyo usiseme. Mama aliyafanya maji hayo kila siku ya maisha yake, na kupima moto wake alijua kama anavyojua kusuka nywele.

Ila wali wa Mutsamudu siku ile ulikuwa wa nazi.

Tui la nazi halingoji. Ukiongeza moto chini ya wali wa maji matupu, una muda wa kupiga gumzo. Ukiongeza chini ya wali wa nazi, mafuta yanashuka chini na kuungua papo hapo. Mama aliona uani hakuna mtu. Aliona masufuria, aliona moto umefifia, na nadhani hakufikiri tena. Alifunga kanga kiunoni, akachochea moto wa sufuria moja, iliyokuwa karibu na mlango, akapuliza, akaketi kwenye kibao kuusubiri ukoko. Mimi nilitoka chooni nikamkuta hapo, uso wake una amani ambayo sikuwa nimeiona tangu tuliposhuka melini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimesogea karibu naye wakati harufu ilipoanza.

Wali ukiungua katika mji wa vichochoro, harufu haina pa kwenda isipokuwa kwa majirani. Ilipanda ukutani, ikaingia dirisha la juu la nyumba ya pili, na mtu huko akauliza kwa sauti kama harusi ya leo ni ya wali au ya mkaa. Wanawake wakatoka ndani na mitandio ya kusalia vichwani. Mama mkubwa alikuwa wa mbele. Alifunua kifuniko kwa ncha ya nguo, akainama, akanusa, akafunika tena.

"Nani ameugusa moto wangu?"

Mama akainuka kwenye kibao.

"Mimi, dada."

Mama mkubwa alimtazama. Nadhani kila mwanamke pale alitegemea atasema haidhuru, bweni, njoo ukae. Mdomo wake ulianza hivyo hasa. Kisha nikaona shingo yake inajaa.

"Wewe! Si nimekuambia ukae? Nimekuambia au sijakuambia? Tangu utoto wako hukai. Ulivunja birika la bibi, nikapigwa mimi. Ukamwaga uji wa arubaini, nikapigwa mimi. Ukapelekwa Majunga, nikasema sasa nitapumzika, kumbe umekwenda kujifunza kuchoma nyumba!"

"Nilitaka kuwafanyia maji ya ukoko," alisema mama.

"Maji ya ukoko! Watu wa bwana harusi wako njiani, yeye anataka kuwapa maji ya moshi! Unanitazama nini? Toa moto huo. Wewe binti, leta mkate na vitunguu. Na wewe shika upawa, upakue wali wa juu tu, juu tu nimesema, ukigusa chini nitakuingiza humo humo. Na sufuria hiyo utaisugua mwenyewe, mpaka nijione uso."

"Ndiyo, dada," alisema mama.

Alipakua. Alipakua vizuri, kwa mkono mwepesi, na wali wa juu ukawekwa kwenye sufuria nyingine pamoja na vipande vya mkate na vitunguu vilivyomenywa ili vivute harufu. Mama mkubwa alisimama nyuma yake muda wote akimkosoa, na kila baada ya muda mfupi akakumbuka kosa jingine la zamani: kuku aliyefunguliwa, kofia ya babu iliyotiwa kisimani. Aliyakumbuka yote. Mama hakuwa anayakumbuka hata moja, alikuwa mdogo mno, na niliona anavyoyasikiliza, kila kosa kwa makini, kama mtu anayeletewa vitu vyake kutoka kwenye nyumba aliyodhani haina kitu chake.

Upande wa bwana harusi ulikuja ukala. Kama kuna aliyeonja moshi, hakusema. Au alisema kwake. Sahani zilirudi tupu, na hilo ndilo linalohesabiwa.

Alasiri, wanawake walikusanyika kwenye uwanja mdogo nje ya nyumba kwa ajili ya wadaha. Hiyo ni ngoma ya wanawake wa Anzuani, na ni vigumu kuieleza bila kuicheza: kinu kinawekwa katikati, wanawake wanazunguka na michi mikononi, wakiimba, na kila anayefikia kinu anatwanga pigo lake bila kuvunja mwendo, anapita, anayefuata anatwanga. Shiromani zote nyekundu na nyeupe, michi inapanda na kushuka. Wageni tuliwekewa viti mbele kabisa. Kiti kilichokuwa karibu nami, kile chenye kitambaa cha kufuma, kilikuwa kimeletwa nje kwa ajili ya mama, na kilikuwa kitupu. Nikaenda kumwita.

Alikuwa uani peke yake, amevaa gauni lake lenye tundu, kanga kiunoni, mikono myeusi hadi viwiko. Sufuria ilikuwa imelazwa ubavu, na yeye alikuwa nusu yake ndani, anasugua kwa makumbi ya nazi na majivu. Nilimwambia ngoma imeanza, aje aone, ni nzuri ajabu. Akatoa kichwa.

"Nenda wewe ukakae na wageni," alisema. "Mimi nina kazi."

Nilikuwa bado nimesimama pale mama mkubwa alipotokea mlangoni. Alikuwa amepambwa kama anavyopaswa kupambwa mama wa bibi harusi, dhahabu masikioni, msandali wa kusaga usoni, na nyimbo za uwanjani zilikuwa zinamtaja, maana wakati wake wa kushika mchi ulikuwa umefika. Alikuja hadi kwenye sufuria akachungulia.

"Pale bado," alisema.

"Pale ni kutu," alisema mama. "Ilikuwepo."

"Haikuwepo. Sufuria hii naijua."

"Basi hukuwa unaitazama."

Mtu akamwita mama mkubwa kutoka nje. Akajibu anakuja. Kisha akakusanya shiromani yake mpya, akaibana katikati ya magoti, akachuchumaa upande wa pili na kuishika sufuria kwa mikono miwili isiyumbe. Akaitwa tena. Mama mkubwa alisema majivu hayo yamelowa mno, hayaondoi kitu. Mama alisema Majunga hulowesha hivyo hivyo. Niliwaacha wakibishana juu ya majivu, nikarudi uwanjani kukaa.